Tumbo la Watoto Wetu na Maziwa ya Jirani

Sisi tunaowaandikia ni watu wa nyumba moja mjini Bunia: katekista, mke wake, watoto wao wanne, na mama mzee aliyemzaa baba. Mume alisoma seminarini miaka kadhaa kabla ya kuoa. Mke alijifunza kushona kwa masista. Sisi si waganga. Twataka tu kuwasimulia jambo lililotupata mwaka 2023, kwa maana twajua ya kuwa limewapata wengine wengi. Wengine wamelinyamazia kwa haya, na wengine wamelisema kwa sauti kubwa mahali pasipofaa.

Jambo lilianza kwa tumbo. Mtoto wetu wa pili, msichana wa miaka 9, alilalamika karibu kila asubuhi. Tumbo lilimvimba, likanguruma, akakimbilia choo. Mara nyingi alirudi kutoka shuleni kabla ya saa nne. Mdogo wake, mvulana wa miaka 6, aliharisha siku mbili, akapona siku tatu, akaharisha tena. Baba naye alijaa gesi tumboni hata akaona haya kukaa karibu na watu katika mkutano wa shirika. Lakini mama na mtoto mkubwa hawakuwa na neno, wala mama mzee. Na mtoto wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, alinenepa vizuri.

Sasa yafaa tuwaeleze habari za jirani yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2018, watu wengi walipokimbia vijiji vya Djugu, mama mmoja mjane alifika Bunia na watoto watatu na sufuria moja. Tulimpa chumba kwetu kwa miezi minne. Baadaye alipata kiwanja kidogo karibu nasi, na ndugu zake wakamletea ng'ombe wawili. Tangu ng'ombe wa kwanza alipozaa, kila asubuhi mtoto wake alituletea lita moja ya maziwa katika chupa. Hatukulipa hata faranga moja. Hayo maziwa ndiyo yaliyokuwa asante yake.

Nanyi mwajua desturi ya watu. Wakisikia ya kuwa watoto wa fulani wanaumwa, kila mmoja huja na dawa yake. Na dawa ikishindwa, huja na jina la mtu. Jioni moja mtu wa ukoo wetu alikaa barazani petu, akauliza, "Maziwa haya mnapewa na nani?" Tukamjibu. Akatikisa kichwa, akasema polepole, "Mtu yule si wa kabila letu. Nanyi mnawapa watoto kikombe chake bila kuuliza?" Hakutamka neno sumu, lakini sote tulilisikia.

Katika Ituri yetu neno hilo si dogo. Tuliona vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na tena mauaji yaliyoanza upande wa Djugu mwisho wa mwaka 2017. Wengi waliuawa kwa panga, lakini kabla ya panga yalitangulia maneno kama yale, yaliyosemwa barazani jioni kwa sauti ya upole. Tuseme kweli: hatukulikubali neno la ndugu yetu, wala hatukulifukuza. Tulilipa mahali pa kulala.

Tangu siku ile tuliendelea kupokea chupa kila asubuhi na kusema asante, kisha tukamwaga maziwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Na tazameni jambo lililotuogofya zaidi: katika juma lile msichana wetu alianza kupona! Tumbo likatulia, akakaa shuleni hadi mwisho. Basi, tukawaza, ndugu yetu alisema kweli. Siku ya sita mtoto mkubwa alimwona mama akimwaga maziwa, akauliza, "Je, mama yule anataka kutuua?" Baba, aliyezoea kujibu maswali ya wakatekumeni, hakupata jibu. Usiku ule hatukulala.

Asubuhi tuliwachukua watoto hadi kituo cha afya, tukamweleza sista mwuguzi mambo yote, na la migomba pia. Hakutucheka wala hakutukaripia. Kwanza alipima choo cha watoto, kwa maana, alisema, mahali kama petu tumbo likiuma huanza mtu kutafuta wadudu kabla ya kutafuta kitu kingine. Kwa mvulana wa miaka 6 aliona vijidudu viitwavyo jiadia, vinavyoletwa na maji machafu, akampa dawa. Kwa msichana hakuona kitu. Akawapima watoto uzito, akauandika. Halafu akauliza, "Mama wa watoto na mtoto wenu mkubwa, walikunywa maziwa ya chupa ile ile?"

"Ndiyo."

"Na mama mzee?"

"Kila siku."

"Basi, nielezeni: ni sumu gani inayomwacha huyu na kumshika yule, na wote wamekunywa chupa moja?"

Tukanyamaza. Hapo akatueleza neno ambalo hatukufundishwa shuleni. Katika maziwa mna sukari yake, iitwayo laktosi. Mtoto mchanga huzaliwa na kitu cha kuyeyusha sukari hiyo tumboni, kiitwacho laktasi. Lakini kwa watu wengi, wakisha kuachishwa kunyonya na kukua, kitu hicho hupungua mwaka kwa mwaka. Ndipo sukari hushuka bila kuyeyushwa hadi utumbo mpana, na vijidudu vya humo huila na kufanya gesi. Maji huingia, tumbo huvimba, mtu huharisha. Hali hii si ugonjwa mbaya, wala si adimu. Wataalamu wakadiria ya kuwa katika watu wazima wa dunia nzima, karibu wawili katika kila watatu wana hali hiyo. Tena mtoto aliyeharisha sana, au mwenye jiadia, aweza kushindwa maziwa kwa majuma kadhaa tu, kisha akapona.

"Lakini," alisema sista, "mimi sijui bado kama ni maziwa. Ninyi mwafikiri ni maziwa kwa sababu mmeyaogopa. Labda ni kitu kingine mlichopunguza juma lile lile bila kujua. Twende polepole. Tutaondoa, halafu tutarudisha. Kuondoa peke yake hakutoshi."

Neno hilo la mwisho, wasomaji, ndilo lililotuokoa. Sisi tulikuwa tumeondoa, tukaona mtoto amepona, tukataka kuhukumu. Hatukuwa tumerudisha.

Njia hii si mpya. Nabii Danieli katika Maandiko aliomba apimwe kwa siku 10, ale mboga na kunywa maji, ndipo wamtazame uso. Katika siku za karibu zaidi, daktari Albert Rowe wa Marekani aliandika juu ya njia hii tangu miaka ya 1920 na 1930. Na daktari Willem Dicke wa Uholanzi alikuwa na watoto wagonjwa wa tumbo ambao aliwazuilia ngano tangu miaka ya 1930. Ilipofika njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ukakosekana Uholanzi, watoto wale walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Huo ni ugonjwa wa gluteni iliyomo katika ngano, nao ni tofauti na wetu. Lakini njia ya kuupeleleza ilikuwa ile ile: ondoa, rudisha, tazama.

Sista alitupa daftari. Juma la kwanza hatukubadili chakula, ila tulianza tena kunywa maziwa kidogo, na kila mtu akaandikiwa alichokula na jinsi tumbo lake lilivyokuwa. Mwisho wa juma tulisoma pamoja. Siku za maumivu zilikuwa na vitu vitatu: maziwa ya chai, mandazi ya ngano, na karanga zilizotiwa katika mboga. Sisi tulitaka kuondoa na maharagi, na mayai, na samaki. Sista alikataa. "Mtoto hali daftari," alisema. "Mkiondoa vyote, mtamponya tumbo na kumwua kwa njaa. Ondoeni hivyo vitatu tu, kwa majuma matatu, na kila juma mniletee watoto niwapime uzito. Na huyu anayenyonya msimguse. Maziwa ya mama ni yake."

Tulikubaliana ya kuwa nyumba nzima itafanya pamoja, hata wasioumwa, ili msichana asionekane kama mtu mwenye kosa, na kwa maana chungu chetu ni kimoja.

Padre wetu tulimwuliza mambo mawili. La kwanza, kama tungengoja Kwaresima ili kazi hii iwe na kufunga pia. Akasema hapana: kufunga ni toba, na huku ni matibabu, mtoto mgonjwa apimwe sasa. La pili lilihusu hostia, ambayo ni ya ngano. Alitueleza ya kuwa wenye ugonjwa wa gluteni Kanisa limewafikiria: barua ya Roma ya mwaka 2003 yaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na asiyeweza hata hiyo aweza kukomunika kwa divai peke yake. Hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa. Kwa ajili ya majaribio yetu ya majuma matatu sista hakuona sababu ya kutuzuia, kwa maana hakuna kati yetu aliyekuwa na dalili za ugonjwa ule.

Tulianza juma la pili baada ya Pasaka. Asubuhi tulikula viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha, na chai kavu. Mchana ugali wa muhogo na sombe iliyopikwa kwa mawese bila karanga. Jioni maharagi, au samaki wadogo wa Ziwa Albert, ambao huliwa na mifupa yao. Sista aliwasifu sana kwa kuwa mifupa ile huwapa watoto chokaa ambayo wengine huipata katika maziwa. Hatukuona njaa. Fedha ya mandazi ilibaki mfukoni.

Lakini msidhani ya kuwa ilikuwa rahisi. Siku ya 5 mama mzee alionekana nyuma ya jiko akimpa mvulana andazi chini ya kitenge, kwa kuwa, alisema, hakulea watoto saba ili aje kufundishwa na daftari. Siku ya 9 palikuwa na matanga, na huko huwezi kuchagua chakula mbele ya wafiwa. Siku ya 12 baba mwenyewe, katika mkutano wa makatekista, alikunywa chai ya maziwa vikombe viwili kwa sababu ya baridi na mazoea. Usiku tumbo lilimshtaki. Msichana wetu ndiye aliyemletea daftari na kalamu, akasimama mpaka alipoandika.

Na maziwa ya jirani? Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Hatukuweza tena kuyamwaga, wala hatukuwa na moyo wa kusema. Tulimwambia mtoto wake ya kuwa sista ametukataza maziwa kwa muda. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli.

Baada ya majuma matatu, msichana alikuwa mzima. Baba pia. Mvulana, akisha kumaliza dawa, hakuharisha tena. Hakuna mtoto aliyepungua uzito. Ndipo tulianza kurudisha, kitu kimoja kwa siku tatu, kisha siku tatu za kupumzika. Tulianza na karanga. Daftari lasema: hakuna neno. Kisha mandazi. Hakuna neno, mama mzee alifurahi kupita kiasi. Mwisho yakaja maziwa.

Sista alitupa shauri la akili. "Msianze kwa maziwa ya jirani. Nunueni ya unga dukani, ya kopo lililofungwa, myakoroge wenyewe kwa maji yaliyochemshwa." Tukafanya hivyo. Kila mtu alikunywa kikombe kimoja cha robo lita, ambacho huwa na kama gramu 12 za sukari ile. Tukakaa kungoja, kama watu wanaongoja hukumu. Kabla ya saa mbili kupita, tumbo la msichana lilivimba, likanguruma, akakimbia. Baba akamfuata. Mama, mtoto mkubwa, mama mzee na mvulana waliendelea na kazi zao. Baada ya juma moja tulirudia kwa maziwa ya kopo lile lile, na mambo yakawa yale yale.

Maziwa yale yalitoka dukani. Hakuna mkono wa jirani uliyagusa.

Tulitazamana, mume na mke, na hatukuona furaha kwanza. Tuliona haya. Jioni ile ile tulikwenda kwa mama mjane, tukamwambia yote: maneno ya barazani, na hofu yetu, na maziwa chini ya migomba. Alikuwa akichambua maharagi. Hakuinua kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua. Mtoto wangu aliona nzi wengi kwenye migomba yenu. Nilikuwa nangoja mniambie ninyi wenyewe." Tuliomba radhi. Akasema amesamehe, akatupa viti. Lakini mwanawe mkubwa alitoka nje, na ilipita miezi mingi kabla ya kijana yule kutusalimu tena. Hatumlaumu.

Tulipomweleza habari za laktosi, alicheka kidogo. "Hayo ya kitabu siyajui," alisema. "Lakini kwetu mgeni asiyezoea maziwa hupewa yaliyoganda." Kumbe alijua tangu zamani kwa desturi tulichofundishwa kwa daftari! Maziwa yakigandishwa, vijidudu vya kugandisha hula sehemu ya sukari ile, na iliyobaki huvumilika zaidi. Basi siku hizi chupa haiji tena. Huja kibuyu mara mbili kwa juma, cha maziwa yaliyochemshwa kwanza, kisha yakagandishwa. Tulirudisha hayo nayo kwa utaratibu, siku tatu. Msichana alikunywa nusu kikombe, halafu kikombe. Hakuna neno.

Baadaye tulisikia ya kuwa jirani zetu wa Uganda walichunguza jambo hili zamani. Mwaka 1966 waganga wawili, Cook na Kajubi, walitoa habari za uchunguzi wao: kwa wachunga ng'ombe kama Wahima, wengi huweza maziwa hata ukubwani, kwa wakulima kama Waganda, wengi hushindwa. Na mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaona mabadiliko katika urithi wa mwili yanayowawezesha watu wengine kunywa maziwa maisha yao yote. Mabadiliko hayo yalienea katika miaka elfu chache, mahali walipofuga.

Twaliandika hili kwa uangalifu, kwa maana hapa kwetu watu hugeuza kila kitu kuwa silaha ya kabila. Kuweza maziwa si heshima, na kuyashindwa si aibu. Katika kila kabila wamo wa namna zote mbili. Nyumba yetu ni ya ukoo mmoja, nayo imegawanyika mezani: mama huweza, baba hushindwa.

Kama nanyi mna shida ya namna hii, pokeeni mashauri haya machache. Nendeni kwanza mkapimwe wadudu. Msiwaondolee watoto vyakula vingi kwa mara moja, wala msifanye bila mwuguzi kuwapima uzito. Mtoto anayenyonya aachwe anyonye. Mtu ambaye akila kitu huvimba midomo, au hutoka vipele mwili mzima, au hushindwa kupumua, huyo ana mzio wa hatari; asijaribiwe nyumbani hata kidogo, apelekwe kwa daktari. Andikeni katika daftari, na makosa yenu pia. Na mkisha kuondoa kitu mkaona nafuu, msiseme bado kwamba mmejua. Rudisheni, tena kwa kitu cha aina ile ile kilichotoka mahali pengine.

Ndugu yetu wa barazani tulimwita, tukamwonyesha daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwisho akasema, "Labda." Hatukumlazimisha zaidi. Tulimkaribisha abaki kwa chakula, na mama jirani alikuwapo. Kibuyu kilipofika kwake alikishika kwa muda, akakitazama. Kisha akanywa.